Sekunde Kumi na Nane za Salamu

Mwenye kuwajibika kwa mpwa wangu kupoteza mchezo wa mwisho katika mashindano ya kimataifa ya pool ya kulipwa, hatua iliyofanyika Singida mjini, ni mimi, mjomba wake. Si yeye. Si mpinzani wake kutoka Zambia, aliyecheza kwa haki tangu mwanzo hadi mwisho. Si mwamuzi, ambaye alifuata kanuni kama zilivyoandikwa, nami sina desturi ya kumlaumu mtu kwa kufuata kilichoandikwa. Naliweka jambo hili mwanzoni kwa sababu nilifanya kazi katika masjala ya wilaya kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimeona mara nyingi kwamba jalada likianza na maelezo marefu, mhusika hujificha katikati ya maelezo hayo.

Baada ya kulisema hilo, naweza kuendelea kwa utulivu, maana maisha yangu ya sasa ni ya utulivu. Nina nyumba yangu hapa Ikungi, hatua chache kutoka barabara ya Dodoma. Nina alizeti nyuma ya nyumba, kuku wa kutosha, na mke ambaye amenizoea. Siku za mnada natoka na kiti changu kibarazani, watu wanapita wakiniamkia, nami naitikia mmoja baada ya mwingine. Sidai lolote kwa maisha. Ninalodai ni usahihi wa karatasi moja, na nitaieleza ilivyopatikana.

Mpwa wangu ni mtoto wa dada yangu, ambaye alifariki mtoto huyo akiwa na miaka saba. Mke wangu na mimi tukamchukua, tukamlea pamoja na wetu. Katika nyumba yetu kulikuwa na sheria nyingi, lakini moja ilizitangulia zote. Mtu mzima akiingia, kazi uliyonayo mkononi unaiweka chini. Unasimama. Unasema shikamoo, unasubiri marahaba, kisha unabaki hapo hapo mpaka salamu iishe. Na kwetu Wanyaturu salamu haiishi upesi. Ukishaitikiwa kwa Kiswahili, mzee huhamia lugha ya nyumbani, akauliza watu, akauliza mifugo, akauliza shamba na mvua, na kila swali lina jibu lake. Kuondoka katikati ni sawa na kumfungia mtu mlango usoni.

Siku moja mtoto yule alikuwa anachemsha maziwa, akaingia mgeni wangu kutoka Rungwa, mzee aliyeniletea asali. Mtoto aliweka mwiko chini, akasimama, akasalimia. Mgeni akauliza habari zote za ukoo. Maziwa yakapanda, yakafurika, yakazima moto, na mtoto hakugeuka hata shingo. Nilimsifu mbele ya mgeni. Maziwa yale yalimwagika kwa idhini yangu, na ninaomba msomaji akumbuke hivyo.

Alipokua aliolewa Ihanja na fundi wa kuchomelea vyuma. Akafungua mgahawa kando ya barabara, pale malori yanaposimama, akauza wali, maharage na kuku. Mumewe akanunua meza ya pool iliyochakaa kutoka baa moja iliyofungwa, akaichomelea miguu mipya, akaiweka chini ya paa la bati pembeni ya mgahawa ili madereva wawe na la kufanya wakati chakula kinaiva.

Habari za meza hiyo ziliponifikia nilikasirika. Kwa maoni yangu ya wakati huo, pool ulikuwa mchezo wa watu wasio na kazi, na mpwa wangu alikuwa ameiweka aibu hiyo barabarani, wazi, chini ya bati. Niliandika barua kwa serikali ya kijiji, nikitaka meza iondolewe. Nikaweka nakala tatu. Mtendaji wa kijiji alinijibu kwa heshima kwamba hawezi kuondoa kitu ambacho hakijavunja sheria yoyote, lakini ananikaribisha nije nikague mwenyewe. Nikaenda na daftari.

Nilichokuta nilikiandika, na daftari ninalo. Saa nne asubuhi, madereva watatu wamekaa kwenye benchi, mmoja amesimama na fimbo ya pool mkononi, na mpwa wangu, amejifunga khanga kiunoni, ameinama mezani. Dereva aliyekuwa anashindana naye alikuwa mnene na mwenye maneno.

"Mama, wali unaungua huko," akamwambia.

"Wali wangu unajua kuniita," mpwa wangu akamjibu bila kuinua macho. "Wewe angalia mpira wako, nao unakuita."

Akapiga. Mpira ulikwenda pole pole, ukapinda kidogo kuelekea kushoto, ukaingia shimoni. Baadaye alinieleza kwamba meza ile ilikuwa imeinama upande mmoja tangu mumewe alipoichomelea, na yeye alikuwa ameujua mwinamo huo kama anavyojua sufuria zake. Madereva kutoka kila mkoa walikuja na ujuzi wao, wakaacha ushindi wao Ihanja. Kisha akaniona. Akaweka fimbo juu ya meza, akaja, akapiga goti kidogo, akaniamkia, na tukasalimiana kikamilifu huku dereva mnene akingoja zamu yake. Hakuna aliyelalamika. Nikaandika katika daftari: nidhamu ipo.

Tangu siku hiyo nilianza kwenda Ihanja kila wiki. Sikuwa nakwenda kucheza, nilikuwa nakwenda kuangalia. Kilichonivuta, kusema kweli, ni kwamba mchezo ule ulikuwa na utaratibu. Kila kosa lina adhabu yake, na adhabu haitegemei uso wa mtu. Nilimwomba mume wa mpwa wangu anitafutie kitabu cha kanuni za mashindano ya kulipwa. Akanichapishia mjini, kwa Kiingereza. Nilikaa nacho mezani nikakitafsiri chote kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, nikatoa nakala mbili, moja yangu na moja ya mpwa wangu. Nilifurahia kazi ile kuliko nyingi nilizolipwa kuzifanya.

Katika vifungu hivyo kuna viwili vinavyohusika hapa. Kimoja kinasema mchezaji ana sekunde thelathini za kupiga, na zikiisha kabla hajapiga ni faulo. Mpinzani anapewa mpira mweupe na kuuweka popote anapotaka. Kingine kinasema mtazamaji yeyote asiingie wala kutoka ukumbini wakati mchezaji yuko mezani. Vyote viwili niliviandika kwa mkono wangu mwenyewe. Siwezi kudai sikujua.

Mashindano yenyewe yalipotangazwa kwamba hatua moja ya wanawake itachezwa Singida mjini, mkoa mzima ulishangaa kidogo, maana tumezoea mambo ya kimataifa yapite barabarani kwetu bila kusimama. Wachezaji wa kulipwa walikuja kutoka nchi kadhaa. Kanuni ziliacha nafasi moja kwa mchezaji wa mkoa mwenyeji, na mpwa wangu aliipata baada ya kuwashinda wote waliojitokeza. Alifika mjini na fimbo aliyotengenezewa mkoba na mumewe, na viatu vya kanisani, kwa sababu kitabu kilisema viatu viwe vya kufunika vidole.

Akashinda mchezo wa kwanza. Akashinda wa pili. Meza za huko zilikuwa zimenyooka kabisa, akaniambia kwa simu, na hilo lilimsumbua siku nzima ya kwanza, kwa kuwa alikuwa akingoja mpira upinde na haukupinda. Siku iliyofuata ndiyo ya mchezo wa kuamua. Mshindi wake angekwenda fainali Dar es Salaam. Akaniuliza: "Mjomba, utakuja?" Nikamjibu kwamba nitakuwa ndani ya ukumbi saa nzima kabla ya mchezo kuanza.

Nilipata nafasi katika gari la jirani yangu, bwana shamba mstaafu, aliyekuwa anapeleka mashudu ya alizeti mjini. Nusu ya njia gurudumu likatoboka. Gurudumu la akiba lilikuwa chini ya mashudu yote. Tulishusha magunia, tukabadilisha, tukapakia magunia. Jirani yangu alikuwa na mzaha usioisha. Alisema laiti ningekuwa bado kazini, ningeliandikia gurudumu lile barua ya onyo. Sikucheka wakati huo. Nilifika ukumbini, karibu na ziwa Singidani, mchana wa jua kali, na mchezo ulikuwa umefikia mwisho wake. Kila mmoja alikuwa ameshinda raundi sita; raundi ya kumi na tatu, ya kuamua, ndiyo iliyokuwa inachezwa.

Mlangoni kulikuwa na tangazo la Kiingereza likisema mlango usifunguliwe wakati wa mchezo. Nililisoma. Mlangoni pia alikuwapo binti mmoja mwenye fulana ya waandaaji, mtu wa hapa hapa, kwa sababu aliponiona alisimama mara moja.

"Shikamoo babu."

Nikaitikia. Akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Ikungi, nikamwambia pia ninayemfuata ni nani. Akatazama jua, akanitazama mimi na koti langu.

"Babu hawezi kusimama nje kama muuza karanga," akasema. "Ingia tu, babu. Kiti cha mbele kipo."

Na akafungua mlango.

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na kifungu kichwani, kwa Kiswahili changu mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilipendezwa. Mtu ukishastaafu, milango mingi iliyokuwa inafunguka unaikuta imefungwa, na unazoea kungoja kwenye benchi na wengine. Binti yule alinifungulia bila kuombwa, na nikaingia kwa sababu ilinipendeza kufunguliwa. Sina utetezi mwingine.

Ukumbi ulikuwa na giza kidogo, taa zikiwa juu ya meza tu. Mlango ulipofunguka, mwanga wa jua ulipita sakafuni ukafika hadi mezani. Mpwa wangu alikuwa ameinama. Kwa upande wake kilichobaki ni mpira mweusi tu, mdomoni mwa shimo la kona, pigo ambalo pale Ihanja angelipiga huku anaongea na mteja. Ukiingia huo, mchezo umekwisha na yeye yuko Dar es Salaam. Saa ya ukutani, yenye tarakimu nyekundu, ilionyesha zimebaki sekunde kumi na nane.

Akainua macho kuufuata mwanga, akaniona.

Nilimtazama usoni, na naapa hakufikiri. Mikono yake ilifanya kabla yake. Aliweka fimbo chini, pembeni ya meza, kwa uangalifu, kama alivyoweka mwiko siku ile ya maziwa. Akanyooka. Akanigeukia, akapiga goti kidogo, mbele ya watu wote na kamera.

"Shikamoo mjomba."

Hapa ndipo ninapotaka karatasi iniandike. Ningeweza kuinua mkono nimwashirie apige. Ningeweza kusema marahaba na kunyamaza. Nilisema marahaba, kisha, kwa mazoea ya miaka yote niliyoishi, nikahamia Kinyaturu nikamuuliza nyumbani wameamkaje. Akajibu. Nikamuuliza watoto. Akajibu. Nikauliza mbuzi. Alikuwa anajibu kuhusu mbuzi saa ilipolia.

Watu wa mkoa wetu walikuwa wengi viti vya nyuma, na sidhani yupo hata mmoja aliyeona ajabu kwamba alinisalimia; walichokiona ajabu ni saa kulia. Mwamuzi, mgeni asiyejua Kiswahili, aliinua mkono na kutangaza faulo. Alikuwa sahihi.

Mchezaji wa Zambia hakuushika mpira mweupe mara moja. Alimwendea mwamuzi, akamwomba, kwa Kiingereza nilichokisikia vizuri, kama muda ungeweza kurudishwa. Mwamuzi akatikisa kichwa. Mpwa wangu alielewa bila kutafsiriwa.

"Cheza, dada," akasema. "Muda ukiisha umeisha."

Akacheza. Alikuwa amebakiwa na mpira mmoja wake na ule mweusi, na yeye ni mtu wa kulipwa. Mipigo miwili. Watu wakapiga makofi, na mpwa wangu akapiga makofi kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baada ya hapo yule mama wa Zambia alimuuliza mfasiri ni nini hasa kilichotokea, yule mzee alikuwa nani, na walikuwa wanaongea nini muda wote ule. Mfasiri akamweleza. Mama yule akavua glavu yake ya kuchezea, akaja hadi nilipokuwa nimeketi, akachuchumaa mbele yangu na kupiga viganja vyake taratibu mara tatu, ambayo niliambiwa ndiyo heshima ya kwao. Kisha akasema jambo ambalo mfasiri alilitafsiri na mimi nikaliandika katika daftari pale pale:

"Mwambie mzee, hata mimi ningesimama."

Basi. Hilo ndilo tukio. Lakini kuna kosa langu la pili, na ndilo linalonikosesha usingizi kidogo, ingawa si sana.

Karani wa mashindano alikuja na taarifa ya mchezo, karatasi moja ya Kiingereza yenye muhuri, akamwambia mpwa wangu: saini hapa, mama. Mpwa wangu akatia saini. Mimi nilikuwa nimesimama begani kwake. Katika masjala sikuruhusu karatasi yoyote ipite mkononi mwangu bila kusomwa, hata hati ya kupokea chaki za ubao. Siku ile nilikuwa nimejaa aibu, nikatazama ziwa dirishani, nikaiacha ipite.

Tukatoka nje. Nilianza hotuba ya kuomba radhi niliyoipanga, na mpwa wangu akanikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mjomba, na punda hukuuliza," akasema. "Nilikuwa najiandaa kwa punda."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mumewe akacheka. Jirani yangu wa mashudu, aliyekuwa ametufuata, alicheka kwa namna isiyomfaa mtu wa umri wake. Tukaenda kula kuku, na nilikula vizuri. Alikuwa ameshika nafasi ya juu kuliko mwanamke yeyote wa mkoa wetu katika mchezo huo, na hakuonekana kama mtu aliyeibiwa chochote. Njiani kurudi alilala usingizi begani kwa mumewe, fimbo ikiwa magotini. Ningependa kuishia hapo.

Wiki chache baadaye nilikwenda Ihanja kama kawaida yangu. Mpwa wangu alikuwa ametundika nakala ya taarifa ile ukutani, juu ya beseni la kunawia mikono, ndani ya fremu aliyoichomelea mumewe, imefunikwa na plastiki ili mvuke usiiharibu. Madereva walikuwa wanakuja kuitazama. Dereva mnene alikuwa anawaeleza wageni kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Nikavaa miwani nikasoma.

Katika safu ya sababu ya kosa, karani alikuwa na maneno matatu ya kuchagua. La kwanza, kugusa mpira kwa mkono. La pili, kupiga mpira usiostahili. La tatu, kuchelewesha mchezo kwa makusudi. Alikuwa ameweka alama kwenye la tatu.

Nilikaa chini. Mpwa wangu hasomi Kiingereza kwa urahisi, na wale madereva hawakuwa wakisoma. Walikuwa wanatazama muhuri. Ningeweza kunyamaza. Karatasi ilikuwa imempa furaha, na furaha ilikuwa ya kweli. Lakini mimi ndiye niliyetafsiri kile kitabu, na nilikijua kifungu kinachofuata: mchezaji mwenye alama hiyo hapewi nafasi ya mwaliko katika msimu unaofuata. Wachezaji wanane bora wa mashindano yale, naye akiwa mmoja wao, wangealikwa tena bila kuanza chini. Yeye peke yake angetengwa, na sababu iliyoandikwa ingekuwa uongo, na uongo huo ungekuwa na saini yake.

Nikamweleza. Alifuta mikono, akaitazama karatasi yake kwa muda.

"Kwa hiyo inasema nilifanya kusudi."

"Ndivyo inavyosema."

"Lakini kusimama nilisimama kusudi, mjomba."

"Ulisimama kwa heshima. Aliyechelewesha ni mimi."

Akaniambia kwamba yeye hana haja ya mwaliko, kwamba ataingia tena kwa mlango wa chini kama mara ya kwanza, kwamba wasichana wawili wa Ikungi wameanza kuja kujifunza kwake na atawaleta pamoja naye. Akaniomba nisiisumbue karatasi. "Naipenda, mjomba. Ina muhuri." Kisha akarudi jikoni, kwa sababu wali safari hii ulikuwa unaungua kweli.

Siwezi kuacha. Nimekubali mambo mengi katika uzee wangu, na mengi yamenipendeza, lakini mtoto niliyemfundisha mimi kusimama hawezi kubaki ameandikwa mkaidi kwa sababu alisimama. Niliwaandikia waandaaji barua ya kurasa mbili, nikiambatanisha ushahidi wa maneno ya mchezaji wa Zambia kama nilivyoyaandika, jina la ukumbi, na maelezo ya mlango. Jibu lilikuja likiwa na sentensi moja: matokeo ya mchezo ni ya mwisho na hayabadilishwi. Nikaandika tena kwamba sijaomba matokeo yabadilishwe hata kwa nukta. Mchezaji wa Zambia alishinda na Mungu ambariki huko aliko. Nimeomba safu moja isomeke kweli. Barua hiyo haikujibiwa.

Kwa hiyo naweka madai yangu hapa, mbele ya yeyote anayesoma, kwa utaratibu unaostahili.

Ninadai kwamba waandaaji waifungue taarifa ya mchezo huo, wafute alama iliyowekwa katika safu ya sababu, na waandike kwamba muda uliisha wakati mchezaji akimwamkia mzazi wake aliyeingia ukumbini kinyume cha kanuni. Ikiwa fomu haina nafasi ya maneno hayo, ninadai fomu iongezwe nafasi. Karatasi imetengenezwa na watu na inaweza kurekebishwa na watu. Ninadai kwamba binti wa mlangoni asiguswe wala asiulizwe, maana alichofanya alikifanya kwa adabu na mimi ndiye niliyejua kilichoandikwa. Ninadai kwamba nafasi ya mwaliko ya mpwa wangu irudishwe kabla orodha ya msimu ujao haijafungwa, na kwamba nakala sahihi, yenye muhuri kama ile ya kwanza, ipelekwe Ihanja, kwa sababu kuna fremu inayoingoja.

Na kwa kuwa hakuna taarifa inayokamilika pasipo mhusika, ninadai niitwe. Nipangiwe siku, nisomewe kosa, nihojiwe kwa nini niliingia, kwa nini niliuliza habari za mbuzi, na kwa nini sikuisoma karatasi kabla ya kutiwa saini. Nitajibu yote matatu, kisha uamuzi uandikwe dhidi yangu, kwa wino, na nipewe nakala.